Ndege Tuliyoijenga Kumtafuta Bakari

Papa Janvier alizikwa Jumamosi. Jumapili yake, watu wa kanisa walipokwisha kuondoka na viti vya kukodi kurudishwa, mimi na mjane wake, Mama Furaha, tulikaa jikoni kwao Troyeville, Johannesburg, tukipanga vitu vyake kwenye maboksi. Nilikuwa nimepanda basi kutoka Durban, ninakoishi sasa na mume wangu na watoto, na nilikuwa sijaingia jikoni humo kwa miaka mingi. Meza ilikuwa ile ile, yenye alama nyeusi pale alipozoea kuweka chuma chake cha kulehemu. Mama Furaha alitenga suti na viatu kwa ajili ya vijana wa kanisa, akanisogezea mimi kila kilichohusu ndege: propela zilizofungwa kwa mipira kufuata ukubwa, mota ndogo zilizoviringishwa ndani ya soksi kuukuu, madaftari ya vipimo. "Hivi ni vya ninyi wawili," alisema. "Mimi sikuelewaka kitu humo." Nilifungua daftari moja nikakuta mwandiko wake wa kulala, Kifaransa na Kiswahili vimechanganyika, na juu ya ukurasa ameandika jina la kaka yangu kana kwamba ni kichwa cha somo: Bakari. Chini yake namba tupu. Uzito, volti, ampea, dakika za hewani. Kurasa kumi na moja. Ndipo nikamwuliza Mama Furaha swali nililolibeba tangu mwaka wa 2017, naye akanijibu bila kuacha kukunja mashati. Jibu lake nitalisema mahali pake. Kwanza niuseme mwaka wenyewe.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikiishi na kaka yangu katika chumba cha uani kwa Papa Janvier. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani, vitanda viwili, jiko la umeme la sahani moja na zulia ambalo Bakari alilinunua Fordsburg ili tusiswalie kwenye saruji baridi. Kila asubuhi mimi na Papa Janvier tuliondoka pamoja kwenda Midrand, kwenye ghala lililouza vifaa vya ndege za rimoti, zile ndege ndogo ambazo watu wazima wenye nafasi huzirusha viwanjani siku za mapumziko. Yeye ndiye aliyeniingiza kazini. Zamani, kwao Bukavu, Kongo, alikuwa fundi wa redio kwenye uwanja mdogo wa ndege. Hapa alikaa nyuma ya ghala kwenye meza ya matengenezo, akipima vilivyorudishwa na wateja na kuwaeleza kwa simu ni mota gani inakwenda na propela gani. Mimi kazi yangu ilikuwa kusoma karatasi ya oda na kuokota vitu kwenye visanduku vya rafuni. Kwa miezi minane nilishika mota kila siku, nikazijua kwa namba kama mwuza viatu anavyojua viatu, bila kujua kwa nini mtu achague hii aache ile. Sikujali. Mawazo yangu yalikuwa nyumbani, kwa Bakari.

Bakari alikuwa mlinzi kwenye eneo la mgodi wa zamani kusini mwa jiji, mahali penye uzio na shimo lililofungwa kwa zege, na Februari ya mwaka ule watu waliokuja kuiba nyaya za shaba walimpiga na chuma kichwani. Hospitali walimshona, wakamlaza wiki mbili, wakamrudisha. Aliyerudi alikuwa na sura ya kaka yangu na sauti yake, lakini alikuwa anapotea ndani ya sentensi. Aliweza kuanza kunieleza jambo kwa utaratibu wake ule wa zamani, halafu katikati akanyamaza na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikizungumza. Mara mbili alitoka akapotea, mara mbili watu wa spaza, kile kiduka cha mtaa wa pili, wakamrudisha. Basi nikaanza kumfungia. Nilimwachia chakula, maji, redio, ndoo, nikafunga kufuli kwa nje, na Mama Furaha, aliyekuwa akishona nguo pale nyumbani, alimchungulia dirishani kila baada ya muda. Siku moja ya Juni, Jumanne, nilipokuwa nachukua kufuli, Bakari aliketi kitandani akaniambia kwa akili timamu kabisa, "Mwana, mimi ni mbuzi? Unanifungia kila siku." Ilikuwa miezi mingi sijamsikia akisema sentensi nzima hadi mwisho. Niliona aibu. Nilidhani amepona kidogo. Nikaliacha kufuli juu ya rafu, nikambusu kichwani kwenye lile kovu, nikaondoka. Mama Furaha alikuwa ametoka kwenda kununua uzi. Aliporudi, mlango ulikuwa wazi na chai yake Bakari ilikuwa bado ina mvuke.

Siku tatu za kwanza tulizunguka mitaa ya karibu, Bertrams na Bez Valley, tukionyesha picha yake kwenye simu. Mwanamke aliyechoma mahindi kwenye kona alisema alimwona mtu wa sweta la bluu akiuliza njia ya kwenda mgodini. Hilo likanitosha. Kwa nini asirudi kazini kwake, alikopotezea akili? Polisi waliandika maelezo, na yule askari wa kike, ambaye hakuwa mkali, aliniambia, "Sisi," yaani dada kwa lugha ya kwao, "nenda na mochwari. Si kwamba nasema. Ila nenda." Siku ya nne nikaenda peke yangu kwenye mochwari ya serikali. Tulikaa kwenye mabenchi ya mbao kama watu waliosubiri daktari. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja mtu mzima, mwenye blanketi begani. Aliitwa, akaingia, na baada ya muda mfupi sana akatoka. Hakulia. Alisimama mlangoni akiulizia kwa Kizulu, kwa adabu, kama kuna mahali pa kunawa mikono. Nilimtazama akitafuta bomba, nikainuka, nikatoka nje, nikatembea hadi miguu ikauma. Jioni Papa Janvier aliponiuliza nikamjibu, "Nimeangalia. Hayupo." Alifumba macho akasema, "Mungu asifiwe." Mama Furaha aliniwekea bugali na sombe, ugali na kisamvu cha kwao, na vile visamaki vidogo vya kukaanga, na kuku alimnunua kwa Waislamu wa Fordsburg ili nami nile kwa amani. Nilikula nikamaliza. Njaa yenyewe ilinishangaza.

Wazo la ndege lilikuwa langu. Eneo la mgodi ule ni kubwa: vilima vya manjano vya vumbi la machimbo, mabwawa ya maji machafu, matete marefu, uzio uliokatwa kila mahali. Tulitembea huko Jumapili ya kwanza, mimi na Papa Janvier na wanaume wawili wa kanisa lake, tukaita jina la Bakari kutwa nzima na tusimalize hata robo. Kazini Jumatatu nilikuwa nafungasha ndege ya povu gumu, mabawa yake marefu kuliko mikono yangu nikiinyoosha, mteja ameagiza na kamera ndogo ya kubandika tumboni. Nikaibeba hadi kwenye meza ya Papa Janvier. "Hii inaweza kuona matete kutoka juu?" nikamwuliza. Alivua miwani. Nikaona kwamba anatafuta namna ya kusema hapana. "Inaweza," alisema mwishowe. "Kama itakaa hewani muda wa kutosha. Hizi batu wananunua hapa ni za kuchezea. Dakika kumi, inashuka." Mwenye ghala aliposikia habari za kaka yangu alituruhusu kuchukua tulichotaka kwenye sanduku la bidhaa zilizorudishwa zikiwa na kasoro. Humo tulipata mwili wa ndege wenye bawa lililovunjika, ambao Papa Janvier aliugundisha ukawa kama mpya.

Wiki ile ile akashikwa na homa ya mafua akalala siku tatu, nami sikuweza kusubiri. Nilichagua mota mwenyewe. Nilitafuta ile yenye namba kubwa kuliko zote, kwa kuwa nilidhani namba kubwa ni nguvu kubwa, nikaifunga propela pana niliyoipata, kwa kuwa nilidhani panga pana litabeba zaidi, nikachukua betri iliyokuwa imejaa. Jumamosi mchana niliifunga ndege kwenye nguzo ya kamba ya nguo uani, nikasukuma rimoti hadi mwisho. Ililia kama msumeno. Nilifurahi, nakumbuka, kwa sekunde labda ishirini, niliona kabisa ikipita juu ya matete na sweta la bluu likionekana. Kisha harufu ya nyaya zinazoungua, mota ikatoa moshi, nikachomoa betri nayo ikaanza kuvimba mikononi mwangu kama unga ulioumuka. Papa Janvier alitoka ndani akiwa na blanketi, akaninyang'anya betri akaitupa kwenye ndoo ya mchanga, ambako iliwaka moto mweupe hadi ikajimaliza. Hakunigombeza. Alikaa kwenye ngazi akikohoa. Mimi nilikaa chini kwenye saruji nikasema maneno ambayo siku zote nilikuwa sijayasema: "Niliacha mlango wazi, Papa. Ni mimi niliyeuacha wazi." "Najua," alisema. "Na ile mota ilikuwa ya propela ndogo. Njoo ndani, nikufundishe."

Nilijifunza mezani pale jikoni, kati ya sufuria na nguo za wateja wa Mama Furaha. Alinieleza kwamba ile namba kwenye mota haisemi nguvu. Inasema tu mota itazunguka mara ngapi kwa dakika kwa kila volti unayoipa. Mota ya namba kubwa inakimbia sana, nayo inataka panga dogo. Ukiipa panga pana inajilazimisha, inavuta umeme kuliko inavyoweza kustahimili, inaungua. "Wewe unatafuta mtu," aliniambia. "Hautafuti kushinda mbio. Unataka mota ya polepole." Akatoa mota bapa, pana, namba yake theluthi tu ya ile niliyoiunguza, na propela tano za kujaribu. Kila propela ina namba mbili, urefu wake kwa inchi na umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama hewa ingekuwa kitu kigumu. Tulifunga ndege kwenye mizani ya kuning'inia, ile ya kupimia samaki, tukasoma inavuta kilo ngapi na inakula ampea ngapi, naye akaandika kila namba. Majedwali ya viwandani, alisema, yametengenezwa kwa batu ba pwani, watu wa usawa wa bahari. Johannesburg iko juu, hewa yake ni nyembamba, panga linashika kidogo. Kwa hiyo aliongeza inchi moja juu ya kile jedwali lilichosema. Kumi na mbili kwa sita ndiyo iliyoshinda. Ilizunguka kwa sauti ya chini, karibu ya usingizi, na ikavuta vizuri kuliko zote kwa umeme mdogo.

Betri ndiyo iliyomsumbua zaidi. Zile bapa tulizouza ghalani zinatoa umeme mwingi kwa kishindo, lakini ni nzito kwa kile kinachokaa ndani yake. Yeye alitaka zile za mviringo, kama za tochi, zinazofichwa ndani ya betri za kompyuta za mkononi. Hizo hazipendi kuharakishwa, lakini zina akiba. "Kwa mota ya haraka haziwezi kabisa. Kwa hii yetu ya polepole, ndiyo yenyewe." Alizipima moja moja, akatupa zilizochoka, akaziunganisha nane kwa lehemu, nne kwa nne. Kila gramu tuliipima kwenye mizani ya unga ya Mama Furaha. Aliniamuru nikate hata ncha za nyaya zilizozidi. Nilikuwa nikifanya kazi hiyo hadi vidole vinatoka malengelenge, na ninapotazama nyuma naona kwamba hizo zilikuwa saa pekee za majira yale ya baridi ambazo kifua changu kilifunguka. Namba zina huruma yake. Ukimwuliza mtu kama kaka yako yu hai, anakutazama. Ukiiuliza mizani, inakujibu. Nilizipenda namba kwa sababu hiyo, na nilikuwa nazipenda zaidi kila nilipokumbuka lile benchi la mbao.

Tuliirusha mwishoni mwa Julai, Jumapili, baada ya wao kutoka kanisani. Hata mchana kule juu palikuwa na baridi kali na betri zikipoa hunyong'onyea, kwa hiyo niliibeba yetu ndani ya koti, juu ya tumbo, kama mtoto mchanga, hadi dakika ya kuiunganisha. Papa Janvier alishika rimoti, mimi nikairusha kwa mkono. Ilipanda. Ilikaa hewani dakika hamsini, ikizunguka juu ya vilima vya manjano, na sauti yake ikapotea kabisa hata tukabaki kuitazama tu. Hatukuweza kuipeleka mbali kuliko macho yetu, kwa hiyo kila Jumapili tulihama mahali, mita mia chache, kama watu wanaolima shamba kwa mstari. Jioni tuliweka kadi ya kamera kwenye kompyuta pale mezani na kutazama picha zote, dakika kwa dakika, Mama Furaha akimenya viazi nyuma yetu. Matete, vumbi, maji ya rangi ya kutu, mbwa, gari lililochomwa, mfuko wa plastiki wa bluu uliotusimamisha moyo mara nne kabla hatujauzoea. Kila Ijumaa mama yetu alipiga simu kutoka Tanga. "Kuna habari, mwanangu?" Nami nilimweleza habari za ndege. Nilimweleza sana, kwa furaha ya kutisha, mota, propela, dakika. Alijifunza kuuliza, "Wiki hii imekaa juu kiasi gani?" Nilikuwa nimempa namba nazo zikamlisha kama zilivyonilisha mimi.

Katikati ya Agosti, Jumapili moja, nilikuwa nikirudisha sahani jikoni, nikawasikia wakiongea kabla sijafika mlangoni. Nilisimama ukumbini na sahani tatu mikononi. "Ule binti hakuingia mochwari," Mama Furaha alisema. Alisema polepole, kama anayeongea na mtu anayejua tayari. "Siku ile alikula bugali yote. Mutu mwenye ameingia kule harudi na njaa." Nilisikia kijiko kikikoroga chai. "Uko unamfundisha mambo ya mota juu ya nini?" aliendelea. "Mwambie mwende pamoja." "Acha, Mama Furaha," alisema. "Bado iko anapumua. Ikiisha ile ndege, atapumua na nini?" Ningeweza kuingia. Ilikuwa hatua mbili tu. Niliweka sahani chini kwenye sakafu, taratibu zisilie, nikarudi chumbani kwangu nikakaa kwenye kitanda cha Bakari. Kesho yake kazini nilimwuliza Papa Janvier kama tukipunguza uzito wa magurudumu tutapata dakika tano zaidi. Alisema tutajaribu. Leo najua, kwa kuwa nimeisoma tarehe, kwamba siku ile niliposimama ukumbini na zile sahani kaka yangu alikuwa bado hajazikwa. Alikuwa na siku tisa zaidi. Nimelihesabu jambo hili mara nyingi mno na halipungui.

Septemba, karibu na bwawa la mwisho, kamera ilimwona mtu. Tuliiona jioni mezani: ndani ya matete, miguu miwili na kitambaa cha rangi nyeusi au bluu, picha haikusema. Papa Janvier alisimamisha picha. Mama Furaha akaacha viazi akaja akasimama nyuma yangu, mikono yake ya maji mabegani mwangu. Hakuna aliyelitaja jina. Asubuhi tukawaongoza polisi, na walikwenda wakamtoa mtu aliyekuwa amekaa humo muda mrefu hata uso wake usisaidie kitu. Askari alisema itabidi nifike mochwari, nione mavazi. Papa Janvier alivaa suti yake ya kanisani. Benchi lilikuwa lile lile. Niliitwa, nikainuka, naye akanishika kiwiko akasema, "Hii mara tunaingia wawili." Tuliingia. Walitandaza nguo mezani. Lilikuwa koti jeusi, viatu vya mgodini, na mfukoni barua ya Kisotho iliyokunjwa mara nne. Hakuwa yeye. Nilicheka, nasikitika kusema. Nilicheka kwa sauti mbele ya nguo za mtoto wa mtu. Karani aliyekuwa pale, mwanaume mpole mwenye mvi, alisubiri nimalize. Kisha akauliza kama tumewahi kutazama kitabu cha wasiojulikana tangu Juni. Papa Janvier akasema hapana, tuletee.

Alikuwa ukurasa wa tatu. Picha ya uso, macho yamefumbwa, lile kovu juu ya sikio. Sweta la bluu limeandikwa. Aligongwa na gari Jumanne ile ile, kabla ya saa nne asubuhi, kwenye barabara kuu inayokwenda kaskazini. Kaskazini. Sisi tulikuwa tumetafuta kusini miezi mitatu. Sijui alikuwa anakwenda wapi. Barabara ile inakwenda Sandton, inakwenda Midrand kwenye ghala letu, inakwenda Pretoria. Alama za vidole zilitafutwa na hazikulingana na mtu yeyote, kwa kuwa hakuwa raia, na muda wa kusubiri ndugu ulipokwisha jiji lilimzika. Karani alinionyesha tarehe mbili, ya kupokelewa na ya kuzikwa. Nilizitazama, nikamwona yule mama wa blanketi akitafuta mahali pa kunawa mikono. Siku ile Bakari alikuwa nyuma ya mlango ule, hatua kumi kutoka kwenye goti langu. Papa Janvier aliweka kiganja juu ya ukurasa kana kwamba anaufunika usipate baridi. Kwenye gari la kukodi, tuliposimama kwenye robot ya kwanza, yale mataa ya barabarani, nilimwambia, "Sikuingia, Papa. Nilidanganya." Alitazama mbele. "Mimi pia nilikudanganya," alisema, na hakueleza, nami nilidhani anasema habari za yale mazungumzo ya jikoni.

Hapo ndipo lilipo lile swali. Kwa miaka yote nilijiuliza kwa nini yeye, mtu mzima, aliyejua kwamba sikuingia, hakwenda mwenyewe. Nilimpenda kama baba na kulikuwa na kona moja moyoni ambako sikumsamehe. Jumapili hii jikoni nilimwuliza mjane wake. Mama Furaha aliendelea kukunja. "Alikwenda," alisema. "Mara mbili alikwenda, wiki ile ya pili na mwezi wa nane. Alifika kwa mlango, akakaa kwa benchi, akarudi. Kule Bukavu alitafutaka mdogo wake kwa fasi kama ile, siku moja kati ya maiti mingi. Alisema hawezi tena. Alisema heri afanye ndege." Aliweka shati juu ya mengine akalilainisha kwa kiganja. Basi tulikuwa wawili tuliokimbia mlango mmoja, tukikutana kila jioni kwenye meza moja, kila mmoja akimficha mwenzake, na katikati yetu mota ya polepole iliyotengenezwa kwa ufundi mkubwa. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. "Angekuambia, ungemwambia nini?" alisema, akachukua shati lingine.

Makaburini tulikwenda Oktoba, sote watatu. Ni sehemu ya mwisho kabisa, baada ya makaburi yenye mawe na maua, kiwanja cha udongo mwekundu chenye vigingi vya namba, na vingi vilikuwa vimeng'oka. Mfanyakazi wa pale alitueleza kwamba wasio na ndugu huzikwa zaidi ya mmoja kwenye shimo, kwa hiyo kufukua haiwezekani, na hata kigingi cha Bakari hakikuwepo. Alijua mstari tu. Papa Janvier aliomba kuona daftari lao. Akatoa utepe wa kupimia, akatafuta kigingi kilichosalia mwanzoni mwa mstari na kingine katikati, akapima umbali wa kaburi hadi kaburi, akagawa, akazidisha kwenye kipande cha karatasi juu ya goti, akapima tena, mvua ya kwanza ya msimu ikianza kudondoka kwenye suti yake. Mwisho akasimama. "Hapa," alisema. Nikamwuliza, "Una hakika?" "Hapana," alisema. "Lakini ni ndani ya mita mbili."

Nilimpigia mama nikiwa pale pale, kwa kuwa tangu siku ya kile kitabu nilikuwa sijathubutu kumwambia. Haikuwa Ijumaa, kwa hiyo aliposikia sauti yangu alijua, na hakuuliza kuhusu ndege. Nilimwambia nimempata Bakari. Nilimwambia lini alikufa, na kwamba siku ya nne nilikaa nje ya mlango wake nikaondoka. Nilitaka kumwambia kila kitu kabla sijaishiwa pumzi. Nyuma yake nikasikia kuku wa uani kwetu. Kisha akauliza jambo moja. "Wamemlaza ameelekea Kibla?" Niliutazama mstari wa udongo, na vigingi, na yule mfanyakazi aliyekuwa ameketi kwenye toroli lake akisubiri tumalize. Miezi hii yote nilikuwa nimempa mama yangu habari njema ambazo hazikuwa habari. "Sijui, mama," nikasema. "Hakuna anayejua." Nilisikia akivuta pumzi. "Basi kaa wewe upande wa Kibla," alisema, "umsomee kutoka hapo. Mimi nasikiliza." Nilimwuliza Papa Janvier kaskazini ni wapi, kwa kuwa ukiwa Johannesburg Kibla iko huko, akanionyesha kwa mkono. Nikazunguka, nikavua viatu, nikaketi kwenye udongo ulioanza kulowa na kuweka simu gotini, nikaanza Yasini. Mvua ilizidi. Mama Furaha alinifunika kichwa na kanga yake, na wote wawili, ambao hawakuelewa hata neno moja, walisimama hadi nikamaliza.